Petali zinageuka fedha ndani ya resini baada ya siku moja: ni hewa, unyevu au kitu kingine?

#1 Mdadisi wa Vidani
Wakuu, habari. Nina vidani 12 vya duara vyenye maua makavu ndani ya resini, kipenyo milimita 30, unene milimita 8. Resini ni epoksi, kimiminika kinachoiva kuwa kigumu na angavu, ya mbili kwa moja kwa ujazo (resini sehemu mbili, hadina yaani kigumishi sehemu moja). Tabaka la kwanza milimita 4, likakaa saa 5 mpaka likawa linanata bila kuvuta uzi. Nikapanga maua yakiwa yameinama chini, kisha nikamimina tabaka la pili la milimita 4. Chumba nyuzi 23, unyevu wa hewa asilimia 70. Maua yalikaa kwenye jeli ya silika, zile chembe za kufyonza unyevu, siku 5.

Wakati wa kumimina kila kitu kilikuwa safi. Nikavitoa kwenye kalibu saa ya 24. Kufika saa ya 30, vidani 5 kati ya 12 vimeota utando wa fedha kwenye kingo za petali. Ukikitazama kidani moja kwa moja huoni kitu. Ukikiinamisha kidogo, ukingo wa petali ya zambarau unamemeta kama gamba la samaki.

Naomba kueleweshwa mawili: utando umetoka wapi, na je, unarekebishika?

#2 Tone la Asali
Unyevu huo mkuu. Siku 5 kwenye silika zinatosha petali, hazitoshi kitovu cha ua wala kikonyo. Halafu jambo ambalo wengi hulisahau: ua kavu likitolewa kwenye silika likaachwa mezani kwenye hewa ya asilimia 70, linaanza kunywa maji upya saa ileile. Kufika jioni limeshalegea.

Jipime hivi: kunja petali moja. Ikivunjika kwa mlio kama karatasi kavu, iko tayari. Ikijikunja tu, rudisha. Na maua yatoke kwenye chombo chenye silika moja kwa moja kwenda kwenye resini, kwa kibano, dakika moja kabla ya kupanga. Si usiku wa kuamkia.

#3 Kemia Mezani
Tone la Asali, usemayo ni kweli kwa ukaushaji, lakini dalili za unyevu ni nyingine: petali hubadilika kuwa ya kahawia, au hutokea wingu jeupe, au vishanga vya viputo vinapanda kutoka kwenye kitovu. Fedha inayoonekana kwa kuinamisha tu ni kioo. Yaani kuna mwanya mwembamba wa hewa kati ya petali na resini. Mwanga ukitoka ndani ya resini kwenda kwenye hewa kwa mwinamo unaozidi takriban nyuzi 40, hauvuki, unarudi wote. Ndiyo maana inatokea kwenye kingo: huko petali imejikunja, mwinamo unapatikana. Katikati, petali ikiwa bapa, mwanya unaweza kuwepo na usiuone.

Kwa hiyo mwanya upo, hilo halina ubishi. Cha kujiuliza ni nini kiliufungua baada ya saa 24.

#4 Fundi Kalibu
Umevitoa mapema. Saa 24 kwa nyuzi 23 epoksi nyingi bado ni kama ngozi ya kiatu: ukibonyeza ukucha unaacha alama. Unapokisukuma kidani kwa kidole gumba kutoka chini ya kalibu, kinapinda kidogo katikati. Resini inapinda na kurudi, petali kavu haipindi. Inabanduka.

Acha saa 48, ikiwezekana 72. Kisha vuta kingo za silikoni kwa nje pande zote kwanza, ingiza tone la maji yenye sabuni kwenye ukingo, uone kidani kinavyojiachia chenyewe. Kalibu ndiyo ipinde, kidani kisipinde.

#5 Mdadisi wa Vidani
Asanteni. Fundi Kalibu, ni kweli vilisukumwa kwa kidole gumba. Lakini hata vile 7 vizima vilisukumwa hivyohivyo. Tofauti ninayoiona: vile 5 vyote vina petali kubwa za zambarau. Vizima vingi vina maua madogo meupe.

#6 Bi Shanga
Hapo ndipo penyewe. Petali kubwa ina nta na vinyweleo vidogo usivyoviona kwa macho. Resini inapita juu ya vinyweleo kama maji juu ya jani la gimbi, hewa inabaki chini yake. Mwanzoni huioni kwa sababu imetawanyika. Baadaye inajikusanya na kuwa utando.

Dawa yake ni kulowesha kabla. Changanya resini kidogo, gramu 5 tu. Shika petali kwa kibano chenye ncha laini, ipake pande zote mbili kwa brashi namba 0, ukipeleka brashi kutoka kwenye shina la petali kwenda ukingoni, usirudi nyuma. Iweke kwenye karatasi ya silikoni dakika mbili. Utaona vidoa vya rangi iliyofifia: hapo resini haijashika, paka tena. Petali iliyolowa vizuri inakuwa na rangi iliyokolea sawasawa, kama kitambaa kilichorowa. Ndipo uilaze kwenye tabaka la kwanza, ukianza na upande mmoja kama unavyobandika stempu, si kuidondosha bapa.

#7 Tone la Asali
Nyongeza kwa #6: wengine hupaka gundi nyeupe ya PVA iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, wakaiacha ikauke, ndipo wakatia kwenye resini. Inaziba vitundu vya petali, na inazuia petali nyembamba nyeupe zisiwe kama kioo, maana resini ikiingia ndani yake ua jeupe linapotea kabisa.

#8 Bi Shanga
Kwa ua jeupe nakubali. Kwa tatizo la Mdadisi hapana. Gundi ya PVA ni ngozi juu ya ngozi. Petali ikijivuta, gundi inabaki na resini, petali inabaki peke yake, na mwanya unakuwa mpana zaidi. Isitoshe, gundi isiyokauka kabisa inaleta maji uliyokuwa unayakimbia.

#9 Msasa Laini
Wakuu, mbona hakuna aliyetaja kusinyaa? Resini ya UV, ile inayoiva kwa taa ya urujuanimno, inasinyaa mara kadhaa kuliko epoksi. Kwenye fremu ya chuma inabanduka kingoni mpaka unaona mstari wa fedha uleule. Ni jambo lilelile la #3, ila hapa ni ndani.

#10 Kemia Mezani
Kusinyaa kupo, lakini Mdadisi katumia epoksi, na epoksi inayoiva taratibu husinyaa sehemu kubwa ikiwa bado majimaji, kwa hiyo haivuti kitu kwa nguvu. Nadhani joto lina mchango mkubwa zaidi. Tuhesabu: epoksi iliyoiva hutanuka takriban sehemu 60 kwa milioni kwa kila nyuzi. Ikishika ikiwa nyuzi 45, kisha ikapoa hadi 23, kidani cha milimita 30 kinapungua takriban milimita 0.04. Ni zaidi ya nusu ya unene wa unywele. Mwanya wa kuakisi mwanga hauhitaji hata sehemu ya kumi ya hapo. Petali haipungui kwa kiasi hichohicho, basi lazima kimoja kimwache mwenzake.

#11 Mzee wa Mizani
Kemia, hesabu ni sahihi, lakini nyuzi 45 umezitoa wapi? Tabaka la milimita 4 kwenye duara la milimita 30 ni mililita 2.8, gramu 3 na kitu. Gramu 3 zikiwa zimetandazwa kwenye silikoni hazipandi hivyo, joto linatoka haraka kuliko linavyozaliwa. Joto linapanda resini ikiwa imekusanyika kwenye kikombe.

Sasa vidani 12 ni mililita 34 kwa tabaka. Kama zote zilichanganywa kwenye kikombe kimoja na upangaji wa maua ukachukua dakika 25, vidani vya mwisho vilimiminiwa resini iliyokwisha kupata moto na kuwa nzito. Resini nzito hailowanishi petali. Mdadisi, vile 5 vilikuwa vya ngapi kwa foleni?

#12 Mdadisi wa Vidani
Mzee wa Mizani, umenigusa. Kikombe kilikuwa kimoja. Vitatu kati ya vitano vilikuwa vya mwisho kabisa, na kikombe kilikuwa vuguvugu mkononi. Viwili vilikuwa vya mwanzoni.

#13 Fundi Kalibu
Hivyo viwili vya mwanzo ndivyo vitakavyowatesa. Nitarudi.

#14 Hereni Pacha
Samahani kuingilia uzi. Hereni zangu zimekuwa ngumu vizuri isipokuwa doa moja linanata, siku ya nne sasa. Niongeze hadina kidogo kwenye mchanganyiko unaofuata ili ikauke vizuri?

#15 Kemia Mezani
Hapana, hapana, hapana. Kwenye epoksi hadina si kichochezi, ni nusu ya kitu chenyewe. Kila molekuli yake inashikana na molekuli ya resini. Ukiizidisha, ziada inabaki haina mwenza: resini inabaki laini, inageuka njano mapema, na inawasha ngozi. Wanaoongeza tone ili kuharakisha wamechukua desturi ya poliesta, ambayo kweli hutumia kichochezi cha matone. Hizo ni resini mbili tofauti kabisa.

Na samahani kwa usumbufu wangu wa kila siku: epoksi haikauki. Hakuna maji yanayotoka. Inaiva.

#16 Mzee wa Mizani
Nilikuwa nahesabu ni ujumbe wa ngapi Kemia atafika kwenye "haikauki". Kumi na tano, ametuvumilia sana leo.

Hereni Pacha, doa moja likinata na kwingine kugumu, kosa si kipimo. Ni mchanganyiko uliogandia kwenye kuta za kikombe ukaja kukwanguliwa mwishoni ukaingia kwenye kalibu. Changanya dakika 4 polepole, kwangua kuta na chini kwa kijiti bapa, kisha hamishia kwenye kikombe cha pili na uchanganye dakika moja tena. Kilichobaki kwenye kikombe cha kwanza kiache hukohuko. Ikiwa hereni nzima ni laini kama mpira, hapo sasa shaka kipimo.

Na kipimo chenyewe wengi wanakosea hapa: mbili kwa moja kwa UJAZO si mbili kwa moja kwa UZITO. Resini ina takriban gramu 1.13 kwa mililita, hadina 0.97. Ukipiga hesabu, gramu 100 za resini zinataka gramu 43 za hadina. Anayeweka 50 kwenye mizani amezidisha kwa zaidi ya asilimia 16. Soma karatasi ya mtengenezaji wako, maana uzito hutofautiana, na ukichanganya chini ya gramu 20 tumia mizani inayosoma gramu 0.1 au chini yake.

#17 Msasa Laini
Kulitibu hilo doa: kwangua chote kilicho laini mpaka ufikie pagumu, usiache hata filamu. Futa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, acha ipae, piga msasa 400 na maji, osha, kausha, jaza resini mpya. Ukimimina juu ya unato bila kuukwangua, unaufungia ndani, na hautaiva kamwe.

Angalia tu usichanganye unato na mafuta. Kwenye chumba chenye unyevu epoksi huota utando kama nta juu, hadina imekutana na maji na kaboni dioksidi ya hewani. Huo unaondoka kwa maji vuguvugu na sabuni. Osha kwanza ndipo upige msasa, la sivyo unaupaka ndani ya mikwaruzo na tabaka la juu litakataa kushika.

#18 Hereni Pacha
Nimeelewa wakuu. Mbarikiwe.

#19 Msasa Laini
Turudi kwa Mdadisi. Njia fupi: weka kwenye tangi la mgandamizo, lile la kuongeza shinikizo la hewa. Ukipiga bari 3, kila kiputo kinakuwa robo, hakuna fedha wala mama yake fedha.

#20 Mzee wa Mizani
Robo ya ujazo, siyo robo ya upana. Bari 3 kwenye geji ni 4 kamili ukijumlisha hewa ya kawaida, kwa hiyo ujazo unakuwa robo, lakini kipenyo kinabaki asilimia 63. Kiputo cha milimita 1 kinakuwa milimita 0.63, bado unakiona. Kinachosaidia zaidi ni kwamba chini ya mgandamizo hewa nyingi inayeyuka ndani ya resini. Vile vidogo vinapotea kweli, vikubwa vinabaki. Na shinikizo likae mpaka resini iive, ukilifungua ikiwa jeli viputo vinarudi palepale.

#21 Fundi Kalibu
Na kalibu ziwe zilimiminwa chini ya mgandamizo pia. Silikoni iliyomiminwa kawaida ina viputo vyake ndani. Ukiigandamiza, viputo vinaminyika, ukuta wa kalibu unabonyea, na kidani kinatoka na vipele vidogo usoni. Watu wanadhani resini imeharibika kumbe ni kalibu.

Tangi liwe limetengenezwa kwa kazi hiyo, lenye kipimo na vali ya usalama. Sufuria ya jikoni usiijaribu.

#22 Bi Shanga
Fundi, kwako kila kasoro mlango wake ni kalibu. Lakini la vipele ni kweli tupu.

Mgandamizo una bei yake kwa petali: unasukuma resini ndani ya petali nyembamba, inakuwa kama karatasi iliyomwagikiwa mafuta. Zambarau inafifia. Jaribu petali moja kabla ya 12.

#23 Mdadisi wa Vidani
Sina tangi. Hivi vitano nifanye nini? Vimependeza mno kuvitupa.

#24 Bi Shanga
Kuna swali moja tu la kuamua: kasoro imefika juu, au imefungwa ndani? Utando wako umezungukwa na resini pande zote. Hautaingia jasho, hautaingia losheni, hautaingia uchafu. Ni sura tu. Hapo unaweza kuacha, na kwa kweli kwenye petali ya zambarau ukingo wa fedha unafanana na umande wa alfajiri. Mimi ningeacha vitatu vyenye utando mwembamba.

Lakini kitundu kilichofunguka juu, hata kiwe kidogo kama ncha ya sindano, ni lazima kizibwe. Kinajaa sabuni na vumbi, baada ya wiki mbili una nukta nyeusi. Ufa uliofika kwenye tundu la pete ya kuning'inizia ni lazima uzibwe au kidani kivunjwe, maana utaendelea. Na kinachonata hakivaliwi hata kidogo, si suala la uzuri: hadina isiyoshikana inaamsha mzio, na mzio wa epoksi ukishaanza hautoki.

#25 Kemia Mezani
Sentensi ya mwisho ya Bi Shanga ibandikwe ukutani. Glavu za nitraili, dirisha wazi, na ikigusa ngozi tumia sabuni na maji. Alkoholi au asetoni juu ya ngozi inaisaidia resini kupenya.

#26 Msasa Laini
Kuhusu kuacha, sikubaliani na Bi Shanga kwa asilimia mia. Mwanya ulioanza unaweza kutembea. Kidani kikipata joto na baridi kila siku shingoni, utando wa milimita 2 unaweza kufika ukingoni mwa petali yote. Mimi ningerekebisha.

Inawezekana hivi. Geuza kidani mgongo juu. Petali iko milimita 4 chini. Chukua keekee ya mkono, ile ya kuzungusha kwa vidole, na ncha ya milimita 0.8. Usitumie ya umeme: inachemsha resini, inanata kwenye ncha, na kuta za tundu zinakuwa nyeupe. Zungusha taratibu, na kila nusu milimita toa ncha ufute unga. Unga utakuwa mweupe, mweupe, mweupe, halafu utaona chembe moja ya zambarau. Simama hapo hapo. Umefika. Toboa la pili upande wa pili wa utando, moja ni la kuingilia, jingine la hewa kutokea.

Osha kwa alkoholi, acha ikauke usiku mzima. Kisha pasha kidani nyuzi 40 kwa dakika 10. Weka tone la resini mpya juu ya tundu moja na ukiache kipoe. Mwanya mwembamba unalinyonya tone ndani, na hewa inatokea kwenye tundu la pili. Ukiangalia kwa lenzi unaona fedha inazimika kuanzia kwenye tundu, inasogea kama wino kwenye karatasi ya kunyonya, rangi ya zambarau inarudi nyuma yake. Ongeza tone kila likizama.

Tumia resini ileile ya mwanzo. Inapinda mwanga sawasawa na kidani, hivyo tundu linapotea machoni.

#27 Fundi Kalibu
Linapotea kama kuta ni safi. Unga ukibaki, unakuwa na nguzo mbili nyeupe nyuma ya ua, mbaya kuliko fedha. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye subira, nampa heko Msasa Laini kwa kuieleza hatua kwa hatua.

#28 Tone la Asali
Kwa vitundu vya juu, vile vya #24, mbinu ni tofauti. Kiputo kikifunguliwa na msasa huwa na mdomo mdogo na tumbo kubwa. Ukidondosha resini inafunika mdomo, hewa inabaki tumboni. Panua mdomo kwanza kwa ncha ya milimita 1 mpaka uwe mpana kuliko tumbo. Unga mweupe wa msasa utoe kwa mswaki laini na sabuni. Kausha. Jaza kwa sindano kuanzia chini, ukiipandisha sindano kadiri kinavyojaa, mpaka resini ivimbe juu kidogo. Ikishaiva, msasa 600 na maji, 1000, 1500, 2000, 3000, halafu krimu ya kung'arisha. Usiruke namba. Mikwaruzo ya 600 iliyoachwa haiondolewi na 2000, inang'arishwa tu ikaonekana vizuri zaidi.

Ukitumia resini ya UV kujazia, ni haraka, dakika moja au mbili chini ya taa ya nanomita 405, lakini ikizeeka inageuka njano kwa kasi tofauti na epoksi. Kwenye kidani cheupe doa litajitokeza baadaye.

#29 Msasa Laini
Na msasa wote uwe wa maji, barakoa usoni hata hivyo. Na kabla ya saa 72 usiguse: resini changa inaziba karatasi na kuburura, unaona vidonge vidogo kama ufutio wa penseli.

#30 Hereni Pacha
Na ufa je? Nimesikia wengine wanajaza dhahabu.

#31 Bi Shanga
Wajapani wana ufundi wa zamani wa kuunga vyombo vilivyovunjika kwa utomvu wa mti na unga wa dhahabu, unaitwa kintsugi. Mshono unaonyeshwa badala ya kufichwa. Kwenye resini unaiga wazo, vifaa ni vyako: panua ufa kwa ncha ya sindano uwe mfereji wa pembe tatu, upana nusu milimita angalau, kwa sababu poda ya maika, unga wa madini unaometa, haiingii kwenye ufa wa unywele. Matone 10 ya resini, poda kiasi cha ncha ya kijiti. Subiri mchanganyiko uwe mzito kama asali ndipo ujaze. Ukijaza ukiwa mwepesi, poda inazama, chini inakuwa dhahabu na juu maji matupu. Ziba mgongo kwa utepe ili isivuje.

Ila usijaze dhahabu kila mahali. Mshono mmoja unapendeza. Mitano inaonekana kama kidani kilichokanyagwa.

#32 Mdadisi wa Vidani
Nimerudi na majibu. Vidani vipya 12, petali zote za zambarau, resini ileile, vikombe vitatu vidogo badala ya kimoja ili isipate moto. Vinne: petali zimeloweshwa kama #6. Vinne: petali zimetoka silika moja kwa moja kama #2, hazikuloweshwa. Vinne: kama mwanzo, ila vimekaa kwenye kalibu saa 72 kama #4.

Vilivyoloweshwa: fedha 0 kati ya 4, lakini viwili vina viputo vya brashi. Vya silika: fedha 2 kati ya 4. Vya saa 72: fedha 1 kati ya 4, na huo ulionekana saa ya 60, kidani kikiwa bado ndani ya kalibu, hakijaguswa.

#33 Bi Shanga
Alhamdulillahi. Nne kati ya nne.

#34 Mzee wa Mizani
Bi Shanga, kati ya vile 12 vya kwanza vilipona 7. Kupata vinne vizima mfululizo bila kufanya lolote kunawezekana kabisa. Arudie na 12 za kulowesha ndipo tuseme.

#35 Fundi Kalibu
Cha saa ya 60 nakikubali, hakikuguswa. Lakini 1 kati ya 4 ni chini ya 5 kati ya 12, kwa hiyo kukaa kwenye kalibu hakujadhuru.

#36 Kemia Mezani
Hicho cha saa ya 60 ndicho kinachonivutia kuliko vyote. Hakikupinda na hakikupata moto. Kitu kinaendelea kujivuta ndani hata siku ya tatu. Mdadisi, naomba uangalie kwa lenzi: fedha iko uso gani wa petali? Ule uliolala juu ya tabaka la kwanza, au ule uliofunikwa na tabaka la pili?

#37 Mdadisi wa Vidani
Nimeangalia vyote vitatu, na vile 5 vya zamani. Uso uliolala juu ya tabaka la kwanza. Vyote vinane.

#38 Tone la Asali
Basi ni hewa iliyokaliwa. Petali imelala, hewa ya chini yake haina pa kutokea.

#39 Kemia Mezani
Au ni ungio la matabaka. Saa 5 inategemea resini. Kama tabaka la kwanza lilishapita hali ya kunata, la pili halishikani nalo kikemia, na petali imekaa juu ya ungio hilohilo. Mdadisi, jaribio lijalo mimina la kwanza, usubiri saa 3 badala ya 5, na vinne vingine utengeneze kwa tabaka moja tu la milimita 8, petali zilizoloweshwa zikiwa zimening'inizwa kwa sindano mpaka resini iwe jeli.

#40 Mdadisi wa Vidani
Tabaka moja la milimita 8 resini yangu inaruhusu, kikomo chake ni 10. Namimina leo. Nitaleta hesabu saa ya 72, siyo kabla.